Boila ya Wakwe

Hosiyat alimkanya mumewe wakiwa nyumbani, akamkanya tena kwenye gari, na walipofika langoni kwa kina Kahramon akamshika mkono wa koti akamkanya mara ya mwisho. Leo wamekuja kuona nyumba atakamoolewa binti yao, Zebiniso. Ale, asifu, anyamaze. Habari za boila asiziguse.

"Baba Zebi, leo wewe si fundi," alimwambia. "Leo wewe ni baba wa bibi harusi."

Nurmat aliitikia. Kazi yake ilikuwa kufunga na kutengeneza boila za gesi za kupasha nyumba joto, na katika mtaa wao mjini Kokand watu walisita kumwalika, maana hakuna nyumba aliyoingia asiulize dohani ilisafishwa lini. Kwenye msiba wa jirani alikutwa jikoni amepiga magoti, ananusa mabomba kabla hata hajawapa pole wafiwa.

Kahramon, baba wa bwana harusi, alikuwa muuza nyama mwenye kifua kipana na sauti ya kuitia ng'ombe. Aliwakumbatia wageni, akamkalisha Nurmat mahali pa heshima, mbali na mlango. Mama yake Kahramon, Bibi Sanobar, akawamiminia chai. Nje theluji ilikuwa inaanguka, ndani joto zuri limetanda, na Nurmat akaanza kujilegeza kwenye mito. Ndipo aliposikia, nyuma ya ukuta, boila ikikohoa.

Akamtazama mkewe. Mkewe akamtolea jicho la thubutu uone.

Nurmat akaomba kwenda kunawa mikono. Hosiyat, huku akiwatabasamia wenyeji, akamkumbusha kuwa amenawa sasa hivi. Nurmat akasema hakunawa vizuri.

Boila ilisimama kwenye ukumbi mdogo kando ya jiko. Alichungulia kidirisha chake, akaona kimoto cha kuwashia, kile kinachokesha ili kuuwasha moto mkubwa, kimekuwa cha njano na kinayumba kama mtu anayekosa pumzi. Lakini kilichomkausha mate kilikuwa kitufe cha gesi. Kilikuwa kimebanwa chini kwa kipande cha mfupa wa kondoo, kimechongwa vizuri, kimefungwa kwa kamba ya kufungia nyama.

Kitufe kile hushikiliwa kwa muda mfupi tu, mpaka kihisi kilichochomekwa motoni kipate joto. Baada ya hapo kihisi chenyewe ndicho kinachoiruhusu gesi, na moto ukizimika kinapoa na kuifunga. Kwa mfupa ule, moto ungezimika na gesi ingeendelea kumwagika, watu wamelala.

Nurmat akafunga koki ya gesi, akarudi kuketi. Alijifariji kwamba hajagusa habari za boila. Ameigusa boila yenyewe tu.

Pilau ililetwa. Kabla hawajafika katikati ya sinia, mafuta yakaanza kuganda pembeni. Hosiyat aliisifu nyumba huku amejikunyata. Bibi Sanobar akajitanda shali ya pili. Kahramon, aibu imemjaa, akasema boila imenuna na dawa yake anaijua yeye, akachukua kiberiti akainuka.

Nurmat aliruka kutoka kwenye mito, bakuli la chai likapinduka.

"Usiwashe, mkwe. Nimeifunga mimi."

Hosiyat akafumba macho.

Kahramon aliuliza polepole kama amesikia sawasawa, kwamba mgeni amezima moto wa nyumba yake. Nurmat akamweleza habari ya mfupa. Kahramon akajibu kwamba moto ulikuwa unazimika kila akiachia kitufe, na mfupa ndio uliouponya.

"Haujaponya kitu," Nurmat alisema. "Kihisi kilikuwa kinakwambia kimechoka. Wewe umekiziba mdomo."

Uso wa Kahramon ukaiva. Akasema kama nyumba yake haiwafai, wasizunguke, waseme.

"Inanifaa sana. Ndiyo maana sitaki ilipuke binti yangu akiwa ndani. Wala mwanao. Wala wewe, hata kama sasa hivi unataka kunitupa nje."

Bibi Sanobar akaweka birika chini. "Mimi ninalala pembeni ya hiyo boila," alimwambia mwanawe. "Kila asubuhi kichwa kinaniuma, nawe unaniambia ni uzee. Kaa kimya umsikilize mwenzio."

Maumivu ya kichwa yalimtisha Nurmat kuliko mfupa. Akafungua madirisha yote, akauliza kuhusu dohani. Kahramon akakohoa, akakiri kwamba ameifunika kwa beseni la kuoshea utumbo ili theluji isiingie. Kwa hiyo moshi ulikuwa unarudi chumbani kwa mama yake. Hakuambiwa mara mbili. Alipanda juu ya paa na suti yake kuliondoa.

Nurmat alisimama akijipapasa mifuko mitupu. Hosiyat akashusha pumzi, akafungua mkoba, na chini ya pipi za wageni akatoa spana, msasa na kihisi kipya.

"Nimeishi na wewe muda mrefu," alisema. "Fanya haraka."

Nurmat akang'oa mfupa, akasafisha masizi, akafunga kihisi kipya ncha yake ikae ndani ya moto. Bibi Sanobar alimkorogea povu la sabuni, naye Nurmat akafungua koki, akalipaka kwenye maungio ya bomba aone kama gesi inavuja. Hakuna kipovu kilichovimba. Alipowasha, kimoto kilisimama wima, cha buluu. Akaachia kitufe, kimoto kikabaki kinawaka. Kisha akakipuliza kikazimika, akanyanyua kidole watulie. Wakangoja. Tak, gesi ikajifunga yenyewe.

"Hebu nami nijaribu," alisema Kahramon, theluji mabegani.

Wakaiacha ipumue, Nurmat akawasha upya, Kahramon akapuliza, akatega sikio, akacheka kwa kifua chote. Akaomba tena. Na tena. Chumbani mkate wa uchumba, ambao wazee wa pande mbili huumega pamoja kuithibitisha posa, ulikuwa unangoja, na Bibi Sanobar alikwisha kuita mpaka akachoka. Mwishowe akamwita Nurmat peke yake. Wakaushika mkate, yeye upande huu, fundi mwenye masizi upande ule, wakaumega. Zebiniso akawa amechumbiwa, huku baba mkwe wake yuko ukumbini anapuliza.