Mkutano wa Kusimama

Ian, mtaalamu wa mbinu za kazi, alitujia Kitale na vyeti vyake na kalamu za rangi, akatangaza kwamba ofisi yetu ya programu inafanya kazi kizamani. Tangu siku hiyo kila asubuhi tulifanya mkutano tukiwa tumesimama, pamoja na wakulima wachache kutoka eneo la Kwanza, na kila mtu alijibu swali moja: nini kinakukwamisha?

Mimi, Nelima, ndiye niliyeandika programu yenyewe, ya kupanga foleni kwenye mashine ya ushirika ya kukaushia mahindi. Wakulima hao ndio waliokuwa wakiijaribu. Mahindi mabichi hayangoji mtu, kwa hiyo nilitaka kujua kasoro zote kabla hatujawafungulia wengine.

"Mama Jepkorir, nini kinakukwamisha?" Ian aliuliza.

"Hakuna shida, mgeni wetu. Tunashukuru sana."

Wote wakajibu hivyo hivyo. Kwa kila jibu la "hakuna shida" Ian akabandika karatasi ya kijani ukutani mpaka ukuta ukafanana na shamba la sukumawiki, kisha akamwambia bosi wetu, Wekoye, kwamba Jumatatu tuwafungulie wakulima wote. Nilicheka kwa hasira. Huyu kalelewa wapi, asijue kwamba huku mgeni halalamikiwi, tena mgeni aliyesimama, hajaonja hata chai?

Nilimwambia Wekoye hivyo. Akasema, "Nelima, huyu ni mtaalamu bana. Wewe kazi yako ni kupinga tu."

Ian alipoenda Bungoma kuwasimulia watu wa huko jinsi alivyotunyoosha, nilipika chai, nikaleta viti na mikate. Wakulima wakaketi. Tukaomba, tukaulizana habari za watoto na ng'ombe, Wekoye akitazama saa yake. Kikombe cha pili ndicho kilichomfungua Jepkorir mdomo.

"Nelima, si hiyo kitu yenu ilinitupa nje ya foleni! Ati nikubali zamu yangu kwa simu ndani ya saa moja. Jumapili niko kanisa, simu nimezima. Sasa mahindi yangu imeota kwa gunia."

"Hata mimi," akasema Kimeli, jirani yake. "Na huyu. Na yule."

Iliniuma. Kanuni ya saa moja Ian aliitoa kwenye mafunzo yake, nami niliiandika kwa mikono yangu.

"Basi Jumatatu hatufungui," Wekoye akasema. "Lakini nani atamwambia? Ni mgeni."

"Lete simu," nikamwambia.

Ian akapokea. "Ian, kanuni yako ya saa moja imeharibu mahindi ya Jepkorir. Jumatatu hatufungui chochote. Rudi, umwombe radhi, halafu ukae chini tuirekebishe pamoja."

Jepkorir akashika kichwa. "Uui! Unagombeza mgeni?"

"Mgeni simgombezi, mama. Huyu ni mfanyakazi mwenzangu."

Ian akauliza, kwa sauti ya chini, ni magunia mangapi yaliyoharibika.