Kikombe cha Asubuhi

Maziwa yalikuwa bado na povu Eunike alipomletea wifi yake Aikande kikombe. "Kunywa kabla hayajapoa," alisema, kisha akarudi zizini bila kungoja jibu.

Aikande aliyanywa akiwa amesimama mlangoni, kamba ya kufungia majani begani, mundu mkononi. Kikombe kimoja cha bati, hata hakikujaa. Ndicho chote alichotoa ng'ombe asubuhi hiyo.

Mwaka huo wa sabini na nne masika yaligusa kijiji chao cha mlimani, Kidia, na kupita. Majani ya karibu yakaisha, na wanawake wakawa wanashuka hadi nyikani kuyatafuta. Aikande alishuka mbio. Kupanda alipanda taratibu kama wenzake, mzigo kichwani ukimziba macho, akihesabu pumzi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu darasa la tano hakuna msichana aliyewahi kumpita katika mashindano ya tarafa. Mwalimu Eliufoo, aliyemfundisha michezo, alikuwa akisema kwamba mapafu yale yametengenezwa na mlima. Yeye Mwalimu anashika saa tu.

Ni Mwalimu huyo aliyekuja nyumbani mwezi wa tano kumweleza mzee Ebenezeri, baba yake Aikande, kwamba mkoa utachagua wasichana wawili wa kwenda Dar es Salaam kukimbia mita elfu moja na mia tano.

"Lakini mzee, mbio zinakula mwili," alisema. "Ugali mtupu hautoshi. Anahitaji vyakula vya kujenga mwili. Maziwa, mayai, maharage. Nyama, ukiipata."

Maharage yalikuwa yamekauka shambani yangali maua. Kuku wote walikwisha kwa kideri. Mzee Ebenezeri akafikiri kidogo, akaamua: maziwa ya asubuhi yatakuwa ya Aikande. Hakuna aliyebisha. Kaka yake Aikande, mume wa Eunike, alikuwa Tanga kwenye mkonge, na Eunike hakuwa mtu wa kushindana na baba mkwe wake juu ya kikombe kimoja.

Eunike alikuwa na mimba ya miezi saba. Kwa ajili hiyo alimwachisha ziwa Ndelilio, mtoto wake wa kwanza, kabla hajatimiza mwaka na nusu. Mtoto alikaa kutwa mlangoni, mkimya. Majirani wakipita walisema amenenepa, mashavu yamejaa.

Jumatano moja Eunike alimwomba Aikande amsaidie kumbeba mtoto hadi kliniki. Alipomfunga mgongoni, Aikande alishtuka. Mtoto mwenye mashavu vile alikuwa mwepesi kama tenga tupu.

Nesi Ruth hakumpima kwanza. Alimketisha Ndelilio mezani, akabonyeza kidole gumba juu ya mguu wake, akakiondoa. Shimo likabaki. Wote watatu wakalitazama.

"Huu si unene, mama. Ni maji," nesi alisema. Akashika nywele za mtoto, zilizokuwa zimeanza kuwa nyekundu. "Anakula nini?"

"Uji. Ugali wa yanga, huu unga wa njano wa msaada. Ndizi zikipatikana."

"Maziwa je?"

Eunike akavuta kanga, akamfunika mtoto miguu.

"Mna ng'ombe nyumbani?"

"Yupo mmoja."

"Sasa maziwa yanakwenda wapi?"

Eunike akaangalia kucha zake. "Yanatoka kidogo," alisema. "Yanaisha."

Aikande alikuwa amesimama nyuma yake. Alingoja wifi yake ageuke amtazame, hata kwa jicho la lawama. Eunike hakugeuka.

"Mpe kikombe kimoja kila siku, kisikose," nesi alisema. "Na usifurahie huu ukimya wake. Siku akianza kukusumbua kwa kulia, ujue anapona."



Asubuhi iliyofuata kikombe kililetwa, na Aikande akanywa. Aliyanywa haraka nyuma ya zizi, akafuta midomo kwa kiganja, akaenda uwanja wa shule kwa mazoezi. Siku hiyo alikimbia kasi kuliko siku zote. Mwalimu Eliufoo aliitazama saa mara mbili, akacheka kwa furaha.

"Umeona? Maziwa hayo!"

Aikande aliinama, mikono magotini, kama mtu anayetafuta pumzi. Pumzi alikuwa nayo.

Jioni, baba yake alipomaliza kula, Aikande alisema, "Baba, kuanzia kesho maziwa ni ya Ndelilio."

Mzee Ebenezeri akamtazama Eunike. "Nani kakwambia?"

"Nesi. Mtoto amevimba miguu. Mimi mwenyewe nimeona."

"Basi mgawane."

"Nesi amesema kikombe, Baba. Na kikombe ni kimoja."

"Zimebaki wiki tatu tu kabla ya mashindano, Aikande."

"Kwake yeye ni nyingi."

Mzee akasukuma kuni motoni. "Umeamua mwenyewe," alisema mwishowe. "Usije ukaniambia miguu imekataa."

Miguu haikukataa mara moja. Wiki ya kwanza Aikande alikula ugali wa njano na mboga ya mnafu, akakimbia kama kawaida. Wiki ya pili, akishusha mzigo wa majani, mapaja yalitetemeka na hayakutulia upesi. Alianza kuota nyama. Aliona haya kuiota.

Siku ya kumi Eunike alichelewa kukamua, na Ndelilio akalia. Alilia kwa sauti, akipiga visigino chini, hata bibi wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Eunike alimwinua, akawa anacheka huku machozi yakimtoka. Aikande, akikatakata mgomba wa kumlisha ng'ombe, alisikia yote. Alifurahi. Halafu, panga likiwa juu, akajikuta anamkasirikia mtoto yule, na hakujua afanye nini na hasira hiyo.

Eunike alikwenda kwao, akarudi na maharage kwenye ncha ya kanga, akampikia wifi yake. Walikaa jikoni, mmoja akila, mwingine akitazama. Habari ya maziwa hawakuizungumza, siku ile wala baadaye.

Mashindano ya mkoa ya kuchagua wale wasichana wawili yalifanyika mjini Jumamosi. Aikande aliongoza tangu mzunguko wa kwanza, na kengele ya mzunguko wa mwisho ilipogongwa alisikia jina lake likiitwa. Kisha, mahali palepale ambapo siku zote aliongeza mwendo, akautafuta mwili wake asiupate. Msichana mmoja akampita. Karibu kabisa na utepe, wa pili naye akampita.

"Umejitahidi," Mwalimu Eliufoo alisema. Hakumwonyesha saa.

Baba yake alikuwa amekuja amevaa koti lake la kanisani, akasimama na watu wa Kidia. Sasa hakuonekana. Aikande akajua ameondoka kwa hasira. Akajifunga kanga, akashika njia ya nyumbani peke yake.

Alimkuta pale nyumba za mji zinapoishia, akija upande wake, ameshika kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba.

"Keti," mzee alisema.

Ilikuwa nyama ya mbuzi ya kuchoma, ya moto bado, na chumvi pembeni. Aikande alikula vipande vitatu. Kisha akakumbuka nyumbani, Eunike na tumbo lake, Ndelilio, akalikunja jani. Akakaa nalo mapajani. Mafuta yalipenya yakalowesha kanga.



Akalifungua tena. Alikula mpaka mfupa, akaung'ata, akaufyonza, mafuta yakimtiririka hadi kwenye viwiko. Wanawake waliokuwa wakirudi kutoka sokoni walipunguza mwendo kumtazama. Mzee Ebenezeri alisogea, akasimama kati yao, akampa binti yake mgongo, akalitanua koti lake lile la kanisani kwa mikono yote miwili.