Uso wa Mwanamke wa Darajani

Treni ilikuwa imeshaipita Hachioji ndipo Mwalimu Hiwatari alipotazama miguuni akaona bado amevaa kandambili za nyumba ya wageni.

"Tumeiba," akasema.

"Umeiba wewe, mwalimu. Mimi nimevaa viatu vyangu."

Tulikuwa tumetoroka asubuhi ile kwa mlango wa jikoni, yeye na miaka yake sabini na mbili, mimi na sabini na moja. Mhariri wake, Bi Orikasa, alikuwa amemfungia kwenye nyumba ya wageni mtaa wa Kanda, Tokyo, siku ya tisa sasa. Sisi wa kazi hii tunaita kutiwa kwenye kopo, kama samaki: mchoraji wa manga, yaani hadithi za picha, akichelewa, ofisi inamkodia chumba, mhariri analala chumba cha mbele, na hutoki mpaka kurasa zitoke. Mimi nilikuwa nimeitwa kutoka Aomori, nilikokuwa nikipanga matofaa kwenye makasha, nije nimchoree miti na mapaa kama zamani. Wasaidizi wake walishachoka wakaenda makwao.

Miti ilikwisha siku ya tatu. Kilichobaki ni uso.

Hadithi yake, Mkaguzi wa Mizani, ilitoka mara mbili kwa mwezi kwa miaka ishirini na miwili. Mkaguzi wa serikali anazunguka vijijini enzi za babu zetu, akipima mizani ya wafanyabiashara. Kila kijiji anachofika, kwa mbali, yupo mwanamke amesimama, amevaa kitambaa kichwani na kitana nyuma ya nywele, ametupa mgongo. Hageuki. Miaka ishirini na miwili hageuki. Halafu mwaka ule, kwenye sherehe ya ofisi, Hiwatari akashika maikrofoni akaahidi kwamba sura ya mwisho atageuka.

Sasa sura ya mwisho ilikuwa imekamilika isipokuwa kisanduku kimoja, kikubwa kama ukurasa mzima, kitupu. Kiwanda cha uchapaji kilikuwa kikisubiri Jumatatu. Na Hiwatari hakujua yule mwanamke ni nani. Hakuwahi kujua. Akikosea uso huo, hayo mengine yote yangekuwa kichekesho, na yeye hakuwa na kazi nyingine ya kukumbukwa.

"Si ungesema tu kwamba umebadilisha mawazo," nikamwambia.

"Niliahidi mbele ya watu mia tatu. Nilikuwa nimelewa, wao hawakulewa."

Safari yetu ilikuwa ya kwenda Suwa. Kule kulikuwa na duka la vitabu vikuukuu lenye nakala ya gazeti lililotoa kazi yake ya kwanza kabisa, hadithi fupi ya mtu anayeshindwa kuvuka daraja, aliyoichora akiwa na miaka ishirini na minne. Yeye mwenyewe hakuwa nayo. Aliichoma kwenye moto wa kupashia maji ya kuoga mwaka ule ule. Lakini wasomaji walikuwa wameigundua, na ndani yake wakamwona mwanamke yule yule, kitana kile kile, mgongo ule ule. Habari ikasambaa kwamba Hiwatari alipanga kila kitu tangu ujana, na kwamba uso wenyewe umo, ukurasa wa kumi na nane, ndani ya maji.

"Kama nilishauchora," Hiwatari akasema, "naunakili, basi."

"Mwalimu, yule mama nilimchora mimi."

"Wewe ulichora miti."

"Miti, daraja, na mama. Sura zangu zilikuwa zinatoka kama viazi. Ukaniambia, wageuze watu wote. Nikawageuza."

Alitazama nje mpaka stesheni ya Otsuki. "Hapana," akasema mwishowe. "Ningekumbuka."

Duka lile liko nyuma ya stesheni ya Kami-Suwa, kati ya kinyozi na muuza miso, ile rojo ya soya ya kupikia supu. Mwenyewe ni Mama Tomizuka, wakati huo miaka sitini hivi, mwembamba, miwani inaning'inia kifuani, mtu wa kukusahihisha kabla hujamaliza kusema. Hakumjua Hiwatari, na asingeweza. Wachoraji wetu wengi hawataki sura zao zionekane. Wakijichora nyuma ya kitabu wanajichora paka au kobe. Hiwatari alijichora figili lenye kofia, na kwa wasomaji wake ndivyo alivyo.

Tukaomba kuliona gazeti. Akalitoa kwenye kabati la kioo, akavaa glavu nyeupe, akatuambia tuweke mikono mgongoni.

"Mnaisoma hadithi, wazee wangu?"

"Naifuata kidogo," Hiwatari akasema.

"Kidogo haisaidii. Simameni hapa." Akaanza kutufundisha. "Kitana. Kitambaa. Mguu wa kushoto mbele. Mnaona? Kijana wa miaka ishirini na minne, na ameshaona mwisho. Wengine wanachora wakisubiri kesho iwaambie. Huyu hapana."

"Na ukurasa wa kumi na nane?"

Akatuletea kioo cha kukuzia. "Jicho. Pua. Mdomo. Huo ni uso wa mkaguzi mwenyewe. Mwanamke ni roho yake, imetangulia kumngoja."

Nikainama nikautambua. Usiku wa kukabidhi kazi nilikuwa nakula tambi za soba juu ya meza, mchuzi ukadondoka kwenye karatasi, nikaliburuta lile doa kwa brashi likawa mawimbi.

"Hilo ni doa la mchuzi," nikasema.

Aliniangalia kama mtu aliyeingia na matope. "Mzee wangu, mtu kama yule hadondoshi mchuzi."

"Labda msaidizi wake."

"Msaidizi kazi yake miti."

Hiwatari alikuwa amepauka. Nilijua kwamba sasa ananiamini, na sikufurahi. Alikuja kutafuta uso, akakuta chakula changu cha jioni.

"Na kama mwandishi mwenyewe hajui?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Anajua. Namfahamu yule kuliko mkewe."

"Hana mke."

"Basi pima mwenyewe."

Akapanda ngazi ndogo kutafuta juzuu la tisa, atuonyeshe ushahidi zaidi. Alitupa mgongo. Hiwatari akasema, "Mama, yule mtu hakupanga chochote."

Akageuka.

Hakuwa na hasira, wala hakutabasamu. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa katika shughuli zake tangu zamani, kabla yako, amekatizwa na mtu anayekosea, na yuko tayari kumweleza tena tangu mwanzo. Hiwatari alitoa kalamu akachora nyuma ya ratiba ya treni, haraka, mdomo wazi kidogo kama mtoto.

"Unaandika nini, mzee?"

"Hayo unayoniambia."

"Vizuri. Andika na juzuu la tisa."

Hiwatari mwenyewe alimpigia simu Bi Orikasa. Mhariri alifika kwa treni ya mchana na karatasi na wino mkobani, akauliza jambo moja tu: "Mwalimu, umekula?" Tukakodi chumba karibu na ziwa. Ukurasa ulikwisha kabla ya chakula cha jioni. Nyuma ya mwanamke nilichora daraja.

Gazeti letu huwa na kadi ya maoni, msomaji anapanga hadithi kuanzia aliyoipenda zaidi. Sura ile ilishika nafasi ya kwanza kwa mbali. Watu waliandika kwamba wameulilia uso ule. Kadi moja kutoka Suwa, maandishi madogo yaliyonyooka, iliiweka ya mwisho. "Mwanamke wa kawaida tu," iliandikwa, "wa kuonekana dukani popote. Ni wazi mwandishi hajaisoma kazi yake ya kwanza."

"Mwandikie," nikamwambia Hiwatari. "Mwambie ni yeye."

"Atanisahihisha," akasema.

Mwaka uliofuata profesa mmoja wa Kyoto alitoa kitabu cha kurasa mia nne. Kwa hesabu yake, ukurasa wa kumi na nane ukiupindua juu chini, ndani ya maji unatokea uso wa sura ya mwisho, mstari kwa mstari. Niliupindua. Unafanana kidogo.

Hiwatari hakuchora tena. Alihamia Atami kwa dada yake, akafa miaka sita baadaye kwa mapafu. Bi Orikasa alipandishwa cheo, sasa anasimamia gazeti la mapishi. Mama Tomizuka alifunga duka, akaiuzia makumbusho ya Tokyo ile nakala, akaenda kuishi Nagano na binti yake. Profesa anafundisha bado. Mimi niko Hakodate, nachora mabango ya wauza ngisi.