Usingizi wa Bi Ghanima

Siku ya pili ya matanga, alasiri, Bi Ghanima alikuwa amekaa mkekani katika nyumba moja ya Chumbageni, akichambua mchele. Mawe aliyatupa upande wa mlango, chuya alizikusanya kwenye kibakuli kwa ajili ya kuku. Kulia kwake alikaa mjane, ambaye hakuwa amefumba jicho tangu mumewe azikwe. Kushoto walikaa mashoga wawili wa mjane, kila mmoja na sinia lake. Mchele haujafika nusu, mjane alikuwa amelala na kichwa chake kimeegemea bega la Bi Ghanima, na mashoga zake wamelala vilevile walivyokaa, vidole vingali ndani ya mchele. Bi Ghanima aliyavuta masinia yao taratibu yasimwagike, akayapanga mbele yake, akaendelea na kazi ya watu watatu.

Kaka wa mjane alichungulia mlangoni, akiwa mbali vya kutosha.

"Ahsante sana, Bi Ghanima," alinong'ona. "Angalau kapata usingizi, maskini."

Akaenda zake uani kuulizia chai.

Hiyo ndiyo ilikuwa shughuli aliyoitiwa. Yeyote aliyekaa karibu na Bi Ghanima alilala, na mwenyewe hakulala. Usingizi ulikuwa unamjia kama unavyomjia kila mtu, lakini ukishamfikia unakata kona na kuingia kwa aliye jirani. Ulianza mtindo huo baada ya kifo cha mama yake, aliyepigwa na kiharusi na kulala kitandani miaka, akimtegemea Bi Ghanima kwa kila kitu. Kwenye arobaini ya mama, msomaji wa khitma alilala, wasikilizaji wakalala, hata mpishi alilala na ubwabwa ukaungua upande mmoja. Walipoamka walikula upande wa pili.

Watu wa Tanga hawashangai ovyo. Kitu kikitokea, wanauliza kwanza kinafaa nini. Hiki kilifaa sana. Kina mama wenye watoto wanaoota meno walimhitaji. Mzee Sadalla, ambaye tangu astaafu reli alikuwa akikesha na kuwasumbua wanawe kwa stori za mabehewa, alimhitaji. Wafiwa walimhitaji, na maharusi wenye wasiwasi, na mwanamke mmoja aliyemhitaji kwa ajili ya mumewe ili apate kuangalia tamthilia kwa utulivu.

Adabu ilikuwa kumwomba Thuwaini. Bi Ghanima aliachika akarudi kwa baba, baba akafa, na nyumba ikawa mikononi mwa Thuwaini, mdogo wake, muuza vipuri vya magari. Dada alimbeba mgongoni alipokuwa mdogo, lakini sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba, na mwanamke wa nyumbani haombwi mwenyewe. Anaombwa mwenye nyumba, na anayeomba haji mikono mitupu. Mtu alikuja na kilo ya sukari au halua kidogo, akasema, "Tunamwomba dada yako jioni hii." Thuwaini, mtu mkarimu, anayecheka kwa sauti, alijibu, "Mchukueni tu. Mtamrudisha." Sidhani kama alikuwa na roho mbaya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huu haukuwa hata na kelele.

Bi Ghanima akaanza kuharibika kidogo kidogo. Alitia chumvi kwenye chai ya wageni. Alisimama mlangoni pa nyumba ya watu akasahau ni ya nani. Siku moja alikuwa anakung'uta mkeka, akalia, akaendelea kukung'uta. Mtu akipita na kumwambia, "Pole na kazi," alijibu, "Ahsante, ndiyo maisha," na kwa kweli alitamani kumtupia mkeka usoni.

Kisha likatokea la Mazin. Mazin alikuwa kitindamimba wa Thuwaini na mkewe Nada, mtoto wa kutambaa. Bi Ghanima alikuwa akimwogesha kwenye beseni, na mtoto, kwa kawaida ya wote, akalala. Mtu akabisha hodi barazani. Bi Ghanima akainuka, akaenda kumsikiliza mgeni, akampa pole za safari, akamtafutia kiti. Nada alipotoka jikoni alimkuta mwanawe amelala ndani ya beseni, maji yamemfika kidevuni na yanapanda kila akivuta pumzi.

Nada alimtoa mtoto, akamfunga taulo. Hakupiga kelele. Alikwenda barazani, akasimama mbali, asije akalala kabla ya kusema.

"Wifi, ulimwacha Mazin kwenye maji."

Bi Ghanima alitazama mikono yake, ambayo ilikuwa bado na povu la sabuni.

"Ningemuua," alisema.

"Ungemuua," Nada alisema. "Yarabi, wifi, wewe hauko sawa. Mtaa wa Usagara kuna msichana mmoja, mshauri wa mambo ya moyo na akili. Nenda."

Thuwaini alipoambiwa alisema nasaha wanazo nyumbani, za nini kuzifuata Usagara? Akamwita kwanza maalimu amsomee. Maalimu alilala ukurasa wa pili, akaamka Magharibi, akasifu mto aliowekewa. Basi ikawa Usagara.

Mshauri aliitwa Leticia, binti wa Kilutheri aliyezaliwa kambi ya mkonge, baba yake mkata mkonge kutoka bara. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa. Alimwamkia kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za nyumbani?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Za siku nyingi?"

"Njema."

"Na usingizi je?"

"Njema tu. Ila sina."

Leticia alifungua mdomo aulize zaidi, akalala. Bi Ghanima alisubiri kidogo. Kisha alimvua miwani akaiweka mezani, akamfunika na upande wa kanga. Na kwa kuwa hakulelewa kukaa bure katika nyumba ya mtu aliyelala, akafagia ofisi, akaosha vikombe, akafuta vumbi la dirisha. Alipotoka alimpita mgonjwa mwingine kwenye benchi, naye akalala. Thuwaini alipomuuliza ushauri umekwendaje, alijibu kwamba yule binti amechoka sana, anahitaji mtu wa kumsaidia.

Alirudi wiki iliyofuata, ikawa vilevile, safari hii akapiga deki. Leticia aliamka kwenye chumba kinachong'aa, akakaa akafikiri. Mara ya tatu Bi Ghanima alikuwa ameshafika chini ya ngazi, na ufagio wake mwenyewe mkononi, simu ikalia.

"Mama, usipande," Leticia alisema. "Kaa hapo hapo kwenye benchi la duka la dawa. Mimi niko huku juu. Tuongee hivi hivi."

Bi Ghanima alikaa. Innocent, muuza dawa, alilaza kichwa juu ya kaunta. Wateja wawili walitelemka ukutani wakakaa sakafuni, wamelala. Huko juu Leticia alikuwa macho.

"Nakusikiliza," alisema.

Tangu arobaini ya mama hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza Bi Ghanima mpaka mwisho wa sentensi, na hata kabla ya hapo sikumbuki nani. Alikuwa hajui sentensi zake zinaishia wapi.

"Nimechoka," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hapana, ngoja. Nimewachoka watu. Nawapenda, na siwataki. Mtu akibisha hodi moyo unaniuma kama nimekanyaga moto. Namfungulia, namwambia karibu, na ndani natukana." Alitazama ngazi, Leticia asije akawa anashuka. "Na mama. Nilimuuguza kwa mikono hii. Alipokata roho, kitu cha kwanza nilichowaza si innalillahi. Niliwaza, leo nitalala. Mama yangu hajafumbwa macho, mimi nafurahi kwamba nitalala. Na tangu siku ile sijalala tena. Kwa hiyo najua, mwanangu. Ni adhabu yangu ya haki."

Bi Ghanima aliisikia pumzi ya Leticia kwenye simu, pumzi ya mtu aliye macho, na hilo peke yake lilimliza.

"Mama, haikuwa furaha ya kufiwa," Leticia alisema. "Yule aliyewaza vile ni mwili wako. Ulikuwa unaomba. Sikiliza, kuna kuchoka na kuna kuchakaa. Aliyechoka akilala anaamka mzima. Aliyechakaa ni kama kanga iliyofuliwa mpaka imekuwa chandarua, hata ukiianika jua zuri, hairudi kuwa kanga kwa siku moja. Wewe umefuliwa sana. Na bado unajipeleka kwenye beseni mwenyewe."

"Nifanye nini?"

"Utakuwa unakuja hapa kwenye benchi. Na utajifunza neno moja. Ukiitwa, sema, siji."

"Siji," Bi Ghanima alisema. Akaangalia pembeni kama amesema tusi.

Walilifanyia mazoezi wiki kadhaa, yeye chini na Leticia juu, na biashara ya duka la dawa ikadorora saa hizo. Kwenye simu neno lilitoka vizuri. Nyumbani ndipo lilipokwama. Bi Ghanima alimkabili Thuwaini baada ya chakula. "Thuwaini, mdogo wangu, kuanzia leo mimi," alisema, na Thuwaini akalala. Aliwaambia majirani, nao wakalala kwenye neno la pili. Alimwambia kaka wa mjane, aliyekuja tena na halua yake, naye akalala akitabasamu, akaamka akasema, "Basi tumekubaliana." Wallahi, mwanamke yule alikataa watu wote wa Chumbageni, na hakuna aliyesikia.

Leticia akamwambia aende mbali, alikatae jambo kutoka mbali. Bi Ghanima akakumbuka Mwera, upande wa Pangani, kwenye shamba la minazi la marehemu baba. Nyumba ilikuwa bado imesimama, na mlinzi wake, Zabron, alikaa kibanda chake ng'ambo ya shamba. Alipanda basi asubuhi, akakaa kiti cha nyuma kabisa kwa usalama wa dereva. Abiria walifika Pangani wakisema safari imekuwa nyepesi.

Alifungua madirisha ya nyumba, akafukuza popo, akakaa kizingitini. Akampigia Thuwaini.

"Dada! Uko wapi? Huku kuna watu wanakusubiri barazani."

"Niko Mwera. Siji."

Kwa mara ya kwanza Thuwaini alikuwa amelisikia neno lote.

"Huji leo?"

"Siji, Thuwaini. Nimechakaa. Nusura nimuue mwanao bila kujua. Nakupenda, lakini siji."

"Taib, dada," alisema kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa mzigo usio wake. "Pumzika. Sasa hawa wa barazani niwaambie nini?"

"Waambie walale kwao."

Siku za kwanza usingizi ulimtafuta jirani kama kawaida yake. Ulifika mlangoni, ukakata kona, ukazunguka nyumba, ukaenda mpaka minazini. Haukumpata mtu. Kuku wa Zabron walilala mchana kutwa kwa siku kadhaa, kisha nao wakahamia kibandani. Adhuhuri moja usingizi ulirudi tena mlangoni, umechoka wenyewe, ukamkuta Bi Ghanima peke yake mkekani. Ukaingia. Alilala mpaka kesho yake alasiri, na alipoamka alikula mihogo yote iliyokuwa kwenye sufuria, akalia kwa ajili ya mama yake, kilio cha kawaida, kisha akalala tena.

Zabron akaanza kukaa naye kizingitini jioni wakizungumza habari za ngedere, na hakulala. Leticia, kwa simu, alisema hiyo ni dalili njema sana, ila asiharakishe kurudi.

Chumbageni walikesha. Mzee Sadalla alirudi kwenye mabehewa yake. Thuwaini, macho mekundu, alimuuzia mteja vipuri visivyo vya gari lake. Kisha siku moja akapiga simu, sauti yake imerudi ile ya kucheka.

"Dada, usiwe na haraka kabisa! Pumzika mpaka uchoke kupumzika. Huku mambo yamekaa sawa, alhamdulillahi."

"Yamekaaje?"

"Sabiha," alisema Thuwaini. "Nani angejua! Watu walikuja, haupo, tukamwambia Sabiha awakalie kidogo. Siku za mwanzo hola. Lakini tangu Ijumaa, akikaa tu na mtu, mtu analala. Ni damu ya kwetu hii."

Sabiha alikuwa binti mkubwa wa Thuwaini, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, mwenye vipindi vya asubuhi.

"Na chuo?"

"Ataenda. Kwanza watu watulie."

Bi Ghanima alikata, akampigia Sabiha. Simu iliita kwa muda mrefu.

"Shikamoo, shangazi," Sabiha alijibu kwa kunong'ona.

"Marahaba. Mama yako yuko wapi? Nipe niseme naye."

"Amelala hapa pembeni yangu. Nikimwamsha analala tena. Wote wamelala, shangazi, na Mazin."

"Sabiha, nisikilize. Toka humo ndani. Nitakupa namba ya binti mmoja wa Usagara, mpigie leo. Usimfuate ofisini, mpigie. Ukiitwa useme, siji."

"Sawa, shangazi. Nitampigia mambo yakipungua."

"Hayapungui, mwanangu."

Mlango ulibishwa upande wa Tanga. Sauti ya mwanamume ikaita, yenye adabu, na nyuma yake Thuwaini akasema mchukueni tu.

"Labeka!" Sabiha aliitikia. Akaiweka simu chini bila kuikata.

Bi Ghanima alibaki na simu sikioni. Alimsikia Nada akikoroma, na mtoto akipumua, na ndara za Sabiha zikielekea barazani. Aliita jina lake mara kadhaa. Alifikiria basi la asubuhi, akaanza hata kutafuta viatu kwa macho. Alijua kwamba angerudi kungekuwa na wawili, na Thuwaini angewapangia zamu.

Usingizi ukafika mlangoni. Aliutazama. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumchoma masikio. Kisha alijilaza ubavu, simu ingali wazi, akalala.