Donatille na Prepa Mbili

Donatille ameuza viazi sokoni Birere miaka kumi na tisa, na hajawahi kununua gunia kutoka Kibumba bila kutumbukiza mkono hadi chini. Wakulima wa kule ni watu wa Mungu, lakini viazi vizuri huviweka juu! Basi binti yake Gisubizo alipopata diploma ya sekondari, akatafuta shule ya prepa, ule mwaka wa kumwandaa mtu kwa udaktari, mama alikaza kitenge chake akasema, "Twende nikaione."

"Mama, wewe utaona nini?"

Gisubizo alitaka ile ya ghorofa nne, walikojiandikisha marafiki zake wote. Na tuseme ukweli, alimwonea mama yake haya.

Kwenye ghorofa walikaribishwa vizuri, wakapewa karatasi yenye picha. Donatille hakuitazama. "Papa," akamwambia katibu, "nionyeshe fasi, pahali batoto wanagusa kazi." Wakapelekwa maabara. Mlango una kufuli. Ufunguo? Uko kwa mtu fulani, amesafiri. Tangu lini? Katibu akakohoa. Donatille akawageukia wanafunzi waliokaa barazani: "Batoto yangu, mulishaka kuingia mu hii chumba, hata siku moja?" Wakacheka tu. Gisubizo hakucheka.

Shule ya pili ilikuwa ya mbao, imekaa juu ya mawe ya volkeno. Gisubizo alinung'unika njia nzima: akisoma pale, watu watamcheka. Ndani, mwalimu Paulin alikuwa na mikroskopi tatu mezani, na wanafunzi wanazigombea.

"Nani atatupa tone la damu?" Paulin akauliza.

Kidole cha Donatille kilikuwa juu kabla ya vyote. Mwalimu akampa Gisubizo pamba na sindano mpya. Msichana akakipangusa kidole cha mama yake, akakipangusa tena.

"Choma, mutoto. Mimi si yai."

Akachoma. Tone likapakwa kwenye kioo, naye akaiinamia mikroskopi kuangalia. Akaangalia, akaangalia. Wanafunzi wakasukumana nyuma yake wakitaka zamu yao, wala hakuwasikia.

"Mama," akasema mwishowe, bila kuinua kichwa, "ndiyo wewe huyu?"

Donatille akakaza kitenge chake tena.

"Mwalimu, leta fomu. Huyu hatoki tena hapa."