Usipambe Kabla Haijapoa

Jana mchana usingizi ulinipitia nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, na katika usingizi huo niliota ninafanya mtihani wa kupamba keki, na keki yenyewe ni mama yangu.

Naomba nieleze kwanza, nisije nikaonekana nimelewa. Leo mama anatimiza miaka sitini. Jana nilioka keki ya kwanza maishani mwangu, kwa sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, nikaiweka mezani ipoe. Kupamba nilikuwa najifunza kwenye simu, katika kundi la wanaoanza wasio na hela ya vifaa, kwa mwanamke anayejiita Mwalimu Bupe. Sura yake hatujawahi kuiona. Anatuma sauti tu. Kanuni zake tatu nilikuwa nimeziandika kwenye daftari kwa mwandiko wa ubaoni: keki ipoe kabisa kabla hujaipamba, usinunue kilichopo nyumbani, kosa lolote, lifunike kwa ua.

Mama alikuwa amelala sebuleni kwenye kochi. Ni wiki tatu tangu atoke hospitali alikolazwa kwa nimonia, na mimi kila nikipita karibu yake namgusa mkono kama bahati mbaya. Nahakikisha ana joto. Akiniuliza nasema nafukuza nzi. Tukuyu, na baridi hii, nzi nitamtoa wapi?

Basi, ninaingia darasani kwangu, la nne B, pale ninapofundisha. Msimamizi wa mtihani ni uma. Ni uma wa kawaida wa meno manne, ila ana urefu wa mwalimu mkuu na amefunga tai. Jino lake moja limepinda, kwa hiyo nikamtambua. Ni wa kwetu, wa kwenye kabati.

“Shikamoo,” nikasema.

“Marahaba. Umechelewa. Keki yako iko wapi?”

“Iko nyumbani, inapoa.”

“Ulioka ya nini?”

“Si ndiyo mtihani?”

“Soma kanuni ya pili.”

Nikasoma kwa sauti, kama ninavyowasomesha watoto: usinunue kilichopo nyumbani.

“Unga ulinunua,” Uma akasema. “Mayai ulinunua. Na mama yako alikuwepo nyumbani muda wote huo.”

Uma akavuta ubao pembeni kama pazia, na nyuma yake kulikuwa na jiko letu. Mama alikuwa amekaa juu ya sinia, sinia juu ya ndoo iliyofudikizwa, na vyote vitatu vilikuwa vinazunguka polepole. Ndivyo Mwalimu Bupe alivyotufundisha kutengeneza meza ya kuzungushia keki bila gharama.

“We Sekela,” mama akaniambia alipofika upande wangu, “nani kanipandisha huku? Kila nikitaka kukusemesha napelekwa dirishani.”

Kisha akapelekwa dirishani.

Kijiti cha meno kikaja kikitembea kwenye ukingo wa sinia, kimevaa koti jeupe la daktari. Hakikusalimia mtu. Kikamchoma mama begani, kikajichomoa, kikajitazama kuanzia juu hadi chini.

“Kavu,” kikasema. “Imeiva. Imebaki kupoa tu.”

“Kinasemaje hicho?” mama akauliza.

“Kinasema umeiva, mama.”

“Miaka sitini, wanataka niwe mbichi?”

Nilicheka, na kicheko changu kikawa cha mtu mmoja katika chumba kilichojaa watu. Nikageuka. Kwenye madawati walikuwa wamekaa akina mama wa kanisani kwetu, wamevaa sare, na kila mmoja ameshika pakiti ya maziwa iliyokatwa kona na kujazwa krimu ya keki. Walikuwa wanaikamua taratibu. Kila wakikamua linatoka ua jeupe, nao wanalipanga dawatini, wanakamua jingine. Hawakuwa wanaongea. Mimi nawajua akina mama wale, na kunyamaza kwao peke yake kulitosha kunitisha.

Jirani yetu, Mama Ambokile, alikuwa dawati la mbele. Akanitazama kwa huruma.

“Pole, Sekela.”

“Pole ya nini? Ni sikukuu yake ya kuzaliwa.”

“Ndiyo hiyo hiyo,” akasema, akaendelea kukamua.

Hapo ndipo nilipoelewa. Walikuwa wanasubiri apoe. Nikamshika mama mkono alipopita. Ulikuwa vuguvugu, kama kikombe ambacho mtu amekisahau katikati ya mazungumzo. Nikamwambia Uma kwamba naomba kutoka.

“Dakika tano,” akasema.

Ninakimbia kutafuta mkaa. Nje ya mlango wa darasa kuna duka, na mwenye duka ni friji. Nikaliomba kopo moja la mkaa, nikalibembeleza na kuliita mama mkubwa.

“Mkaa upo kwenu,” Friji likasema. “Siuzi kilichopo nyumbani.” Likafunga mlango, na taa yake ikazimika.

Nikarudi jikoni. Kweli mkaa ulikuwepo, umekaa ndani ya jiko letu kwa kujibanza, vipande kama kumi na vitano.

“Amkeni,” nikauambia. “Mama anapoa.”

“Leo tumeshaoka keki moja,” kipande kikubwa kikajibu. “Tumechoka. Halafu hukutuambia asante.”

Niliuambia asante. Nikaupigia magoti, nikauambia ndaga, ndaga fijo, kama ninavyomwambia mama mwenyewe, maana asante ya Kiswahili niliona haitoshi. Ukanitazama tu.

Nikachukua blanketi kitandani kwa mama, lile zito la kahawia, nikamfunika. Lilipomgusa tu likaanza kulainika. Likawa jeupe kama sukari ya kupambia keki. Likamshika mwilini bila mkunjo hata mmoja, likang’aa, na lilikuwa la baridi mno. Akina mama wakapiga makofi.

“Anajifunza haraka,” wakaambiana.

Nililichana kwa kucha. Lilitoka vipandevipande na kunigandia vidoleni. Mama alikuwa ananiangalia nikifanya hivyo, midomo imempauka, na alipofika upande wangu mara hii alisema neno moja tu: “Baridi.” Alipofika mara iliyofuata hakusema kitu.

Ninapogeuka kumwita Uma, darasa si darasa tena. Ni wodi ile ile aliyolazwa mama, ila vitanda vyote vimepakwa siagi na kunyunyiziwa unga ili watu wasigande. Kutoka darini ikashuka sauti ya Mwalimu Bupe, tamu kama kawaida.

“Habari za mchana, wapendwa wangu. Leo tutaangalia makosa. Usiogope kosa, mpenzi. Hakuna kosa lisilofunikika. Kamua ua, liweke juu, songa mbele.”

“Kosa lako liko wapi?” Uma akaniuliza.

“Sina kosa.”

Uma akakiashiria Kijiti, nacho kikapanda kwenye gauni langu, kikanichoma katikati ya kifua. Haikuuma. Kilipotoka kilikuwa kimelowa na kimenata.

“Huyu katikati ni mbichi,” kikasema. Kikatoa karatasi mfukoni mwa koti. “Mgonjwa alianza kukohoa lini?”

“Juzi,” nikajibu.

Kikanichoma tena. Kikatoka kimelowa zaidi ya mwanzo.

“Alianza kukohoa lini?”

Swali hilo nalijua. Daktari wa kweli, mwenye miwani, aliniuliza hivyo hivyo siku niliyompeleka mama, na nilimjibu hivyo hivyo. Juzi. Haikuwa juzi. Mama alikuwa amekohoa siku nane, na kila siku nilikuwa namwambia subiri mama, nimalize kusahihisha. Nilikuwa na mitihani ya watoto mia moja na kumi. Daktari alipouliza niliona aibu, nikapunguza siku kama mtu anayepunguza chumvi. Mama alikuwa kwenye machela, amefumba macho, anahema kwa shida. Sikujua kama amesikia. Tangu siku ile hajagusia, wala mimi. Nilimpikia supu, nikamnunulia soksi, nikaamua kumwokea keki. Hilo la siku nane nilikusudia kufa nalo.

“Siku nane,” Uma akasema, ingawa sikuwa nimetamka. Akaandika hesabu kwenye unga wa kitanda kwa jino lake lililopinda. “Kosa la kidole hufunikwa kwa ua moja. La siku nane linataka maua ya urefu wa mtu.”

“Kosa ni langu. Nifunikeni mimi.”

“Ua linawekwa pale kosa lilipotokea,” akasema, na meno yake yote manne yakamwelekea mama.

Akina mama wakainuka pamoja, kama wanavyoinuka kanisani. Wakaja na maua mikononi. Kijiti kiliwatangulia, kinachoma na kutangaza.

“Nyayo zimepoa.”

Wakaweka maua kwenye nyayo.

“Magoti yamepoa.”

Wakaweka kwenye magoti. Waliyaweka vizuri, lazima niseme. Hakukuwa na ua lililopinda, na hayo ndiyo yaliyozidi kuniogopesha, kwa sababu mimi nikiwa macho sijawahi kukamua ua likasimama.

“Mama,” nikaita.

Mama anapita mbele yangu macho yakiwa wazi na hanioni. Anakwenda dirishani. Anarudi. Maua yamefika mapajani. Ninapata hofu ambayo sijawahi kuipata hata kule hospitali, maana kule kulikuwa na manesi na mtungi wa oksijeni, na hapa nipo mimi na vyombo vya jikoni.

Nikapanda juu ya sinia. Ndoo ikalalamika kwamba haikuambiwa ni watu wawili. Nikamkumbatia mama kwa nyuma, nikambana kwa nguvu zangu zote, kifua changu mgongoni kwake, na sasa tunazunguka pamoja: wodi, dirisha, akina mama, wodi, dirisha, akina mama. Mgongo wake ulikuwa unapoa hapo hapo nikiwa nimeukumbatia.

“Tumboni,” Kijiti kikasema.

“Ulikohoa siku nane,” nikamwambia mama.

“Haijaulizwa,” Uma akasema. “Futa.”

“Ulikohoa siku nane, mama. Nilimwambia daktari juzi. Nilidanganya kwa sababu niliona aibu, watu wangesema mwalimu mzima amekaa na mama yake anakohoa, yeye anasahihisha.”

“Funika, mwanangu,” Mama Ambokile akanisihi. Alikuwa ameninyooshea ua. “Funika tu yaishe. Sote tumefunika.”

Nikalipiga lile ua kwa kiwiko. Likaanguka kwenye unga bila kishindo. Nikaweka mdomo kwenye sikio la mama nikapiga kelele, mimi ambaye sijawahi kumpandishia mama sauti tangu nizaliwe.

“Siku nane! Ningekuleta siku ya pili usingelazwa! Ni mimi, mama! Ni mimi niliyekuchelewesha!”

Sinia likasimama. Kijiti kikapanda gauni langu bila haraka, kikanichoma, kikajitazama.

“Kavu,” kikasema.

Nikauliza, “Na yeye?”

Kijiti kikashuka mkononi kwangu, kikavuka, kikapanda kifuani kwa mama kati ya maua. Kikarekebisha koti lake. Kikajichomeka taratibu, kikazama chote, kikakaa humo muda mrefu. Mimi nimembana mama na nimefumba macho. Nikasikia kinachomoka. Nikakisikia kinavuta pumzi ili kitangaze.

Nikaamka.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilikuwa nimeinuka kwenye kigoda kabla sijajua nimeinuka, nikajikwaa kizingitini, nikafika sebuleni na kandambili mguu mmoja. Mama alikuwa amelala kwenye kochi, amenipa mgongo, shuka hadi shingoni. Shuka halikuwa linapanda wala kushuka. Nilisimama pale nikiliangalia. Nilitaka kumgusa, na mkono ukakataa kwenda. Nikauambia uende, ukaenda, ukamgusa shingoni chini ya kilemba.

“Toa huo mkono,” mama akasema. “Wa baridi kama nini.”

Nikakaa chini sakafuni. Nililia kidogo, bila sauti, kisha nikaona nikisubiri hata dakika moja nitakwenda zangu jikoni kukoroga sukari ya kupambia, na siku nyingine itapita, na nyingine.

“Mama,” nikasema. “Ile siku tuliyokwenda hospitali, daktari alivyoniuliza...”

“Hilo umeshaniambia.”

Hakugeuka. Alisema huku amefumba macho, kwa sauti ya usingizi.

“Nimekuambia lini, mama?”

“Sasa hivi. Si umenipigia kelele sikioni kama unaita ng’ombe.” Akavuta shuka. “Na hata usingesema, nilijua. Aliyekuwa anakohoa ni nani, jirani?”

Mama akajivuta kwenye kochi, akaguna, akajishika ubavu kwa mkono wote.

“Ila siku nyingine ukitaka kuniambia jambo, niambie tu,” akasema. “Ulivyonibana, mbavu zote zinauma.”