Shabaha Iondolewe Kabla ya Jua Kutua

Jua lilikuwa linaelekea kutua, na fundi wa magodoro alikuwa amepiga magoti sebuleni juu ya godoro la mteja, akimalizia kona ya mwisho kwa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro. Sufi ilikuwa imemganda kwenye nyusi. Mlango ukasukumwa, na mumewe akaingia ubavu ubavu, kama mtu anayepitisha kabati mahali pembamba. Alilazimika kuingia hivyo kwa sababu alikuwa na mshale mwilini. Ulikuwa umeingilia mgongoni kimshazari, chini kidogo ya bega, na ncha yake ilichungulia kifuani kupitia tundu la shati.

"Leo umechelewa," mkewe alisema.

"Nimekufa," alisema mumewe. "Tangu mchana. Nilikuwa nimejiegemeza zangu kwenye mti, basi jua lilipoanza kushuka miguu ikaniondoa yenyewe."

Mama mkwe alitoka jikoni na kisu cha kumenyea viazi. Alimshika mwanawe kifundo cha mkono, akasikiliza kwa vidole, kisha akamwachia.

"Kweli amekufa," alisema. "Sasa utakula au hutakula?"

"Sina hamu, mama. Nataka kulala tu."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kulala chali hakuweza, kwa sababu ya mkia wa mshale. Kifudifudi hakuweza, kwa sababu ya ncha. Walimjaribu kwa ubavu, lakini maiti haishiki ubavu. Ukiiachilia tu, inageuka. Mama mkwe, ambaye subira hakujaliwa, aliushika mshale kwa mikono miwili akauvuta. Mshale haukutoka. Aliyetoka ni mwanawe, akaburutika nyuma ya mama yake hadi mlango wa jikoni, akisema "pole mama, pole mama" kila hatua. Wakaacha. Alikesha amesimama kwenye kona, bega lake ukutani.

Alikuwa mchonga mipini. Mipini ya majembe na mashoka ya mtaa mzima ilipita mikononi mwake, na siku za Jumamosi alizoea kwenda msituni kutafuta matawi yaliyonyooka. Jumamosi hizo hizo daktari wa meno alikwenda msituni na upinde wake, kujipumzisha. Manyoya ya mshale ule yalikuwa mekundu na meupe, na mtu mwenye mishale ya namna hiyo alikuwa mmoja tu. Hakuna aliyehitaji kuuliza.

Kesho yake majirani walikuja kutoa pole. Walimkuta marehemu mlangoni, wakampa mkono yeye mwenyewe.

"Pole sana, ndugu yetu."

"Nimeshapoa," alijibu, na mkono wake ulikuwa wa baridi kweli.

Mmoja wao alirudi kwake akaleta kigoda kisicho na mgongo. Marehemu alikikalia, akashukuru, lakini kukaa si kulala. Macho yake yalikuwa mazito, na jioni ile alimwambia mkewe mara kwa mara maneno yale yale: "Nimechoka, mke wangu. Sikujua kwamba mtu anaweza kufa halafu akachoka." Mkewe alimpenda sana mume huyu, na maneno hayo yalimchoma kuliko kifo chenyewe.

Jumatatu alimshika mkono, wakaenda kwa bwana misitu.

Bwana misitu alikuwa na ofisi ndogo penye lango la msitu. Watu walimwita Taratibu, kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni, nawe hukujua kama anakuambia usiwe na haraka au anakutajia kanuni. Aliwapokea vizuri. Aliutazama mshale mbele na nyuma, akavaa kofia yake, akawatoa nje hadi kwenye kibao cha kanuni, ambacho kilikuwa kimepakwa rangi upya.

"Mazoezi ya upinde yasiyo ya mashindano yanaruhusiwa," alisoma. "Daktari hakuwa anashindana na mtu. Tuendelee. Mpiga upinde ahakikishe hakuna mtu nyuma ya shabaha." Akamgeukia marehemu. "Ulikuwa nyuma ya shabaha?"

"Nilikuwa mbele yake. Nimeinama, naangalia tawi."

"Basi nyuma hakukuwa na mtu."

"Bwana misitu," mke alisema, "mimi sikuja kubishana. Nataka mshale huu utolewe, nimzike mume wangu apumzike."

"Taratibu, mama. Mshale ni mali ya mpiga upinde popote utakapotua. Kuuvuta ni wizi. Kuukata ni uharibifu. Kuuzika ni kuficha mali ya mtu."

"Na mume wangu, yeye ni mali ya nani?"

Taratibu alikisoma kibao kutoka juu hadi chini, midomo ikimcheza. Alipofika mistari ya mwisho uso wake ulikunjuka.

"Kitu chochote kilichosimama kikapokea mshale ni shabaha," alisoma. "Na shabaha iondolewe msituni kabla ya jua kutua. Ulifika nyumbani wakati gani?"

"Jua likielekea kutua," alisema marehemu. "Miguu ilinileta."

"Umeona, mama? Miguu yake inaijua kanuni."

"Huyu ni mtu."

"Sijakataa. Lakini akiwa mtu, itakuwa daktari amepiga mtu, na hapa hawakuandika chochote kuhusu mtu. Wameandika kuhusu shabaha." Alikifuta kibao vumbi kwa mkono wa shati. "Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma."

"Msumeno wangu hukata ukisukumwa tu," alisema mchonga mipini. "Ukirudi, haukati."

"Huo umeisha meno," alisema Taratibu, akacheka kidogo. "Mpelekee daktari."

Wakaenda kwa daktari.

Chumba chake kilikuwa cheupe, na vyombo vilipangwa juu ya kitambaa kimoja baada ya kingine. Fundi wa magodoro alikifahamu kile kiti, maana aliwahi kung'olewa gego pale, na mkono wa daktari ulikuwa mwepesi hata hakujua limetoka lini. Kwa hiyo alikuja na matumaini. Daktari aliuona mshale akatabasamu, kama mtu aliyekutana na mwenzake wa shule.

"Huu hapa," alisema. "Nilidhani nimeupoteza." Akachovya pamba kwenye dawa, akaisafisha ncha pale ilipotokeza kifuani.

"Ung'oe, daktari," mke alisema. "Kazi yako si ndiyo hii?"

"Shemeji, mimi nang'oa meno kwa sababu si yangu. Mshale huu ni wangu. Nikiung'oa kwa mtu, nitakuwa nimepiga mtu. Nikiuacha kwenye shabaha, nitakuwa nimefanya mazoezi."

"Lakini unamwona kwamba ni mtu. Meno yake unayajua."

"Nayajua. Meno mazuri sana." Aliweka pamba pembeni. "Lakini sikumlenga, shemeji. Mungu ni shahidi yangu."

"Najua hukunilenga," alisema marehemu, ambaye hata alipokuwa hai kinyongo kilimshinda. "Ungenilenga, ungenikosa."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kwamba kwa kanuni shabaha ni ya mpiga upinde, lakini yeye si mtu wa roho mbaya. Wangeweza kukaa nayo nyumbani siku zote za juma. Ikifika Jumamosi, shabaha ingejileta yenyewe msituni.

Kwenye ngazi za nje fundi wa magodoro alikaa chini akalia. Alilia kwa hasira, maana huzuni ilikuwa bado haijapata nafasi ya kuanza. Mumewe alisimama pembeni yake akimwombea radhi kwa wapita njia.

Katikati ya juma mama mkwe alipokuwa akimwosha mwanawe mgongo aliona duara hafifu limeuzunguka mshale, halafu jingine kubwa zaidi nje yake, na jingine tena, kama kisiki cha mti uliokatwa. Alisugua kwa sabuni. Halikufutika hata moja.

"Taratibu, mama," alisema mwanawe. "Yanawasha."

"Usinitajie jina la yule mtu nyumbani mwangu," alisema mama mkwe, akaendelea kusugua.

Siku ya Ijumaa fundi wa magodoro alifunga mlango kwa wateja. Alimsimamisha mumewe ukutani, akampima kwa uzi kutoka kisigino hadi penye mshale. Akashona godoro jipya, akatumia sufi aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kitanda chao wenyewe, na mahali pa mshale akatoboa tundu, akalizungushia mshono imara. Marehemu mwenyewe alichomoa chaga moja ya kitanda kupitisha mkia. Kabla giza halijaingia alijilaza chali, polepole, mama yake akimwongozea mshale kwa kuchungulia uvunguni. Uliingia sawasawa.

Alishusha pumzi ambayo hakuwa nayo.

"Ah," alisema. "Mke wangu, mikono yako."

Akafumba macho. Fundi wa magodoro alikaa kando ya kitanda akimtazama, na moyo wake ulikuwa na furaha, ingawa aliona aibu kidogo kuwa na furaha katika hali ile.

Asubuhi, miguu ya marehemu ilishuka kitandani kabla yake. Mkewe alimkumbatia kiunoni mlangoni, akang'ang'ania, na ile miguu ikamvuta hadi barabarani akiwa pekupeku. Majirani waliokuwa wakifagia waliwasalimu wote wawili. Kwenye lango la msitu Taratibu alimwambia kwa upole kwamba siku za mazoezi wasiohusika hawaruhusiwi kupita, kwa usalama wao.

Jua lilipoelekea kutua mumewe alirudi, ubavu ubavu. Mishale ilikuwa miwili. Wa pili ulikuwa ndani ya duara la kati, umbali wa vidole vitatu kutoka kwa ule wa kwanza.

"Leo alinilenga," alisema, akakaa kwenye kigoda. "Anaendelea vizuri."

Mama mkwe alipima mishale kwa uzi, akatunga uzi kwenye shazia. Fundi wa magodoro alilitandaza godoro sakafuni, akachukua mkasi, akatoboa tundu la pili, akalishona ukingo lisifumuke. Kisha akatoboa la tatu, karibu zaidi na katikati, akaanza kulishona na lenyewe.